SGR na watoto wakubwa: amueni nani atakaa na nani kabla hamjalipa

Shule zikikaribia kufungwa, maswali tunayoletewa na wateja wetu wa Bombolulu hubadilika. Si tena laini iliyofungwa wala ada ya kutoa pesa. Watu wauliza treni. "Tuko watano, wawili wako sekondari. Nichukue daraja la kwanza ama ikonomi?" Leo tulichambue swali hilo, na tuanze na jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshalipa: mtoto wa miaka 14 hasafiri kama mtoto wa miaka 6. Miguu yake imerefuka, ana haya zake, hataki kusinziia begani kwa mamake mbele za watu, na kwa hesabu za tiketi yeye ni mtu mzima.

Kuna bado wanaouliza kama SGR ina vyumba vya kulala. Haina. Vyumba vilikuwa kwenye treni ya zamani, ile iliyokuwa ikikesha njiani kati ya Mombasa na Nairobi. Daraja la kwanza lilikuwa na vitanda viwili kwa chumba, la pili vinne, na la tatu lilikuwa viti tu. Familia iliyolipia chumba kizima cha daraja la pili ilifunga mlango wake ikakaa pamoja. Isiyolipia chote iligawanywa, wanaume huku na wanawake kule. Treni hiyo iliondoka mwaka 2017, SGR ilipoanza kubeba abiria. Ya sasa ni viti mwanzo mwisho, kwa hivyo unachochagua ni mambo matatu: daraja, saa ya safari, na nani akae karibu na nani. Sisi twaona hilo la tatu ndilo la kwanza.

Hesabu kwanza, maana hapo ndipo watu hushtuka. Tangu Januari 2024, nauli ya Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500 ikonomi na 4,500 daraja la kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipi. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Akitimiza 12, analipa kamili, hata kama bado unamwita mtoto.

Chukua familia ya baba, mama, binti wa miaka 16, kijana wa miaka 14 na mdogo wa miaka 10. Ikonomi, wanne wanalipa 6,000 na mdogo 750, jumla 6,750 kwenda tu. Daraja la kwanza ni 18,000 na 2,250, jumla 20,250. Kwenda na kurudi, tofauti ya madaraja hayo mawili ni shilingi 27,000. Kwa nyumba nyingi za mtaa wetu hiyo si tofauti ya starehe, hiyo ni karo.

Je, hiyo pesa ya ziada inanunua nini? Nafasi. Behewa la ikonomi lina viti vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, na viti vinatazamana. Yaani upande wa watatu mnakuwa watu sita uso kwa uso, upande wa wawili mnakuwa wanne. Magoti ya kijana aliyerefuka juzi yatakutana na magoti ya mtu mwingine, na kama huyo mtu ni ndugu yake watapigana mateke ya kisirisiri mpaka Mtito Andei. Daraja la kwanza ni viti viwili kwa viwili, na abiria kwenye behewa ni wachache zaidi.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wachache huifikiria. Mama mwenye mgongo mbaya anaweza kukaa daraja la kwanza na yule mdogo, wakalipa 6,750, na baba na wale wawili wakubwa wakakaa ikonomi kwa 4,500. Jumla 11,250. Lakini kabla hujakata hivyo, waulize hao wakubwa. Wengine watafurahi kupumua mbali na mama. Binti mwingine hatataka kukaa saa tano akitazamana na wanaume asiowajua, na kama baba haji safarini, hapo mpango huo twauona haufai. Swali hili huulizwa nyumbani, si kwenye foleni.

Yetu wenyewe tuliyakosea hapo. Mmoja wetu alikata tiketi tatu siku ya mshahara, akasubiri pesa nyingine iingie, akakata mbili wiki iliyofuata. Akadhani ni treni moja, mtapangana tu mkishapanda. Kumbe kila tiketi ina namba yake ya behewa na namba yake ya kiti. Wale watoto wawili walikuwa mabehewa manne mbali na wazazi, na siku yenyewe treni ilikuwa imejaa, hakuna wa kubadilishana naye. Baba alitembea mabehewa hayo kwenda na kurudi mpaka Voi, ndipo mzee mmoja akamwonea huruma akahama. Kosa lilikuwa letu. Tangu hapo twasema hivi: kama pesa haijatosha watu wote, ngoja itoshe, kisha kata kwa mkupuo mmoja.

Na kungoja hakuhitaji miujiza. Shilingi 150 kwa siku, ukiiweka kando kwenye akaunti ya akiba ya simu badala ya kuiacha kwenye salio la matumizi, inafika 6,750 kwa siku 45. Kwa siku 90 umepata kwenda na kurudi kwa ile familia ya watano. Septemba hadi Novemba ni siku 91. Tatizo ni kwamba salio la matumizi lina mdomo: mara bando, mara unga, mara mtu amekopa.

Sasa kulipa. Desemba ndio msimu wa mabroka. Mama mmoja, mteja wa siku nyingi, alikuja kwa wakala akiwa na haraka. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kulikuwa na mtu anayesema tiketi za tarehe anayoitaka zimeisha, ila yeye anazo tano, zitumiwe pesa sasa hivi. Mama alitaka kuweka 6,750 kwenye simu aitume.

"Mama, ngoja kwanza," wakala akamwambia. "Ukiingiza hiyo namba, jina linalokuja ni la nani?"

Likaja jina la mtu, majina mawili ya kawaida, si la shirika. Mama akanyamaza.

"Amesema yeye hufanya kazi huko kwa treni."

"Akifanya kazi huko, pesa ya tiketi ingeingia huko, mama. Hebu tujaribu wenyewe."

Walipiga *639#, wakakuta nafasi ya siku hiyo hiyo, treni ya asubuhi. Haikuwa imeisha.

Mambo mawili tunayasisitiza kwa kila anayekuja. Moja, tiketi hukatwa kwa *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na ombi la malipo huletwa na mfumo wenyewe. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi, acha. La pili, kama umeshatuma kwa mtu kimakosa na unatumia M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 papo hapo, usingoje kumbembeleza kwanza. Akishatoa pesa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, na ya watoto kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. "Junior" haipo kwenye cheti. Tafuta hivyo vyeti kabla ya kufungua menyu, maana menyu ya simu haikungoji ukapekue sanduku chini ya kitanda. Ikijifunga katikati na hujui kama pesa imekatwa, angalia salio na ujumbe kabla ya kulipa mara ya pili.

Saa ya safari nayo ina gharama zake. Treni ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya njiani kama Mariakani, Voi na Emali, kwa hivyo huchelewa kidogo kufika, lakini yapita Tsavo mchana na hata kijana aliyechoka na kila kitu huinua kichwa akiona ndovu. Ya saa nne usiku huwavutia wanaotaka kuokoa siku. Kumbuka lakini kwamba hakuna kitanda, na mtashuka Syokimau usiku wa manane, na teksi ya watu watano na mizigo yao saa hiyo inaweza kula kile ulichookoa.

Kutoka Bombolulu kwenda Miritini ni matatu hadi mjini, kisha nyingine ya Changamwe, na Daraja la Nyali asubuhi si la kuaminika. Panga kufika saa nzima kabla, kuna ukaguzi wa mizigo na vitambulisho. Kwa treni ya saa mbili, sisi hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Usiku wake, mtumie kila kijana picha ya tiketi yake kwenye simu yake, behewa na kiti vionekane, na uhakikishe simu imelala ikichajiwa.