Nikimeza Nalala, Nisipomeza Naanguka

Mpwa wangu alikuwa kidato cha pili alipoanza kuficha vidonge vyake vya kifafa. Mama yake alivikuta sita kwenye mfuko wa ndani wa begi, vimefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu, vimeshaanza kumomonyoka. Siku chache kabla alikuwa ameanguka mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima. Nilipomuuliza hakukataa. "Mjomba, nikimeza nalala, nisipomeza naanguka. Wewe ungechagua lipi?"

Sikuwa na jibu. Kumbe lilikuwepo, ila hakuna mtu mzima aliyewahi kulifikisha swali lenyewe kwa daktari. Kila mwezi kliniki waliuliza mtoto anaendeleaje, dada akajibu, "Tunashukuru, hajaanguka." Wakaandikiwa dawa ileile, dozi ileile, wakarudi nyumbani. Usingizi wa darasani haukutajwa hata mara moja, kwa kuwa sote tuliuona kama tabia ya ujana.

Dawa za kifafa hutuliza umeme wa ubongo unaofyatuka ovyo, na katika kutuliza huko nyingi huleta usingizi na uzito wa kichwa, hasa wiki za mwanzo au dozi inapoongezwa. Fenobabitoni, ambayo imetumika tangu mwaka 1912 na ambayo kwa unafuu wa bei ndiyo wagonjwa wengi wa zahanati zetu wanayoipata, inajulikana kwa kusinzisha na kuchelewesha fikra. Kuna watoto ambao badala ya kulala huwa wakali na hawatulii kitini. Kabamazepini huleta kizunguzungu na kuyumba, na maandishi ya ubaoni yanaweza kuonekana mawilimawili. Fenitoini ikitumika muda mrefu huvimbisha fizi na kuotesha nywele usoni, jambo zito kwa msichana wa miaka 15. Valproeti huweza kunenepesha, kutetemesha mikono na kupunguza nywele kichwani. Dawa hii ina jambo jingine kubwa kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo: inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni hata kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Kama binti yako anaitumia, muulize daktari kuhusu dawa nyingine, naye aendelee kuimeza hadi mtakapopewa maelekezo.

Ili kulifikisha swali kwa daktari, anza na daftari. Letu lilikuwa la kurasa 40, na kwa wiki mbili mpwa wangu aliandika mambo manne tu: saa aliyomeza, kama alikula kwanza, saa aliyoanza kujisikia vibaya, na alivyojisikia. Alimeza saa 12 asubuhi kabla ya uji. Karibu kila siku, kwenye saa 4, mwandiko wake katika madaftari ya masomo ulianza kuteremka chini ya mstari. Ukurasa wa jiografia uliishia na alama ya kalamu iliyoburutika hadi pembeni. Daktari aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtoto mwenyewe. Mpwa wangu alikuwa akitumia kabamazepini ya kawaida, ambayo hufika kilele mwilini saa chache baada ya kumezwa. Akabadilishiwa ile inayoyeyuka taratibu, na sehemu kubwa ya dozi ikahamia usiku. Kwa anayetumia fenobabitoni swali la kumuuliza daktari ni jingine: dawa hii hukaa mwilini kwa siku kadhaa, hivyo mara nyingi inawezekana kuimeza mara moja tu, wakati wa kulala.

Ila mabadiliko hayo ayafanye daktari. Kupunguza kidonge nyumbani, au kuruka dozi siku ya mtihani ili mtoto awe macho, kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho huua. Msiongeze dawa nyingine bila kuuliza pia. Erithromaisini ya dukani, hata juisi ya balungi, huweza kupandisha kiwango cha kabamazepini mwilini, na kizunguzungu kikazidi bila mtu kujua sababu. Mwezi wa Ramadhani nao uzungumzwe kliniki mapema, kabla kijana hajaanza kuruka dozi ya mchana kimyakimya ili asionekane hafungi.

Si kila usingizi unatokana na dawa. Aliyeamka ameuma ulimi, amelowesha godoro au kichwa kinamgonga, huenda alipata kifafa usiku, na uchovu wa mchana ni wa usiku huo. Anayekesha prepo hadi saa 6 atasinzia tu. Wapo pia wanaokodoa macho sekunde chache bila kusikia wakiitwa, kisha wakaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hicho nacho ni kifafa. Anayesinzia kwa dawa, ukimgusa bega anaamka. Mwalimu anayejua tofauti hii akiiandika kwenye daftari anamsaidia daktari kuliko mzazi aliyeko nyumbani.

Kwa hiyo nendeni shuleni kabla ya matatizo, mkiwa na barua ya kliniki. Mwalimu wa darasa ajue, na bwenini matroni au patroni ajue na atunze dawa; wanafunzi wengine kijana aamue mwenyewe kama anataka kuwaambia. Ombeni mambo madogo: kiti cha mbele karibu na dirisha, ruhusa ya kusimama au kunawa uso bila kuomba mara tatu, rafiki wa kumwazima daftari, muda kidogo wa ziada kwenye majaribio. Na viboko kwa kusinzia vikome. Hilo nalisema kwa uchungu, maana mpwa wangu alichapwa mara mbili kwa kulala, na ndipo alipoanza kuficha vidonge. Mpira acheze. Kuogelea asiende bila mtu mzima anayemwangalia.

Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu, msimtie kitu chochote mdomoni, angalieni saa. Povu haliambukizi. Kifafa kikizidi dakika 5, ni hospitali.

Zipo dalili ambazo hazisubiri siku ya kliniki. Upele unaoanza wiki za mwanzo za dawa mpya, hasa ukiambatana na homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo pamoja na boksi la dawa. Vivyo hivyo macho kuwa ya manjano au kutapika kusikokoma. Na kijana aliyebadilika hulka ghafla, akajitenga, akasema afadhali asingekuwepo, asiambiwe avumilie: baadhi ya dawa hizi hugusa moyo na fikra, na daktari anapaswa kujua leo.

Mpwa wangu sasa yuko kidato cha nne. Kipindi cha mwisho bado kinamwelemea, hasa siku za joto, na mwalimu wake wa kemia humruhusu kusikiliza akiwa amesimama nyuma ya darasa, daftari juu ya kabati. Vidonge anavimeza mwenyewe. Na kliniki wakiuliza anaendeleaje, siku hizi dada hafumbui mdomo. Anayejibu ni mtoto.