Ramani ya Kidijitali na Ardhi Inayoitwa "Tupu"

Kifungu cha 110 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka kila kaunti nchini Kenya iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi, uliojengwa juu ya ramani za kidijitali. Mwanafunzi basi hana budi kufundishwa kuisoma ramani hiyo kabla ya kuichora.

Kwanza, kipimo. Picha ya setilaiti ya Landsat huundwa kwa miraba ya mita 30 kwa 30. Mraba mmoja humeza karibu ploti mbili za futi 50 kwa 100. Kisima hakionekani humo.

Zito zaidi ni suala la lugha. Mwanafunzi anayelipaka eneo la Kajiado rangi ya kijivu na kuandika "ardhi tupu" katika ufunguo amekwisha kutoa hukumu. Mpangaji atakayemfuata ataona mahali pa kujenga kiwanda. Kumbe Wamaasai wana neno lao, *olopololi*, yaani malisho ya karibu na boma yanayotengewa ndama na mifugo dhaifu. Programu ya QGIS, ambayo hupatikana bila malipo, huambatisha jedwali kwa kila umbo. Safu moja yatosha kuhifadhi jina la wenyeji na msimu wa matumizi. Safu hiyo hujazwa nyanjani, pamoja na wazee wa boma, kabla ya rangi kuchaguliwa.