Somo la 12: Kwa Nini Mashua ya Plaiwudi Huelea?

Nkuhungu, mjini Dodoma, iko mbali na bahari. Hata hivyo, uvuvi si jambo geni mkoani. Wavuvi hutega nyavu katika bwawa la Hombolo, na pia katika bwawa la Mtera lililo kwenye mto Ruaha Mkuu. Wale wa pwani huenda mbali zaidi, mpaka kwenye kilindi. Wote hutegemea kanuni moja.

Jaribio

Vifaa: karai la maji, udongo wa mfinyanzi, changarawe.

1. Gawa udongo madonge mawili yenye uzito sawa. Finyanga moja liwe tufe, na la pili liwe bakuli pana lenye kuta nyembamba.
2. Tia tufe majini. Litazama. Weka bakuli taratibu juu ya maji. Litaelea.
3. Ongeza changarawe mojamoja katika bakuli. Unaona nini?
4. Usimwage maji ovyo. Mwagilia miche ya shule.

Maelezo

Bakuli husukuma kando maji mengi kuliko tufe. Chombo huelea iwapo uzito wake pamoja na shehena ni sawa na uzito wa maji kilichoyasukuma kando. Kanuni hii iligunduliwa na Archimedes, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Ujenzi wa mashua

Plaiwudi ni ubao wa matabaka membamba ya mti yaliyounganishwa kwa gundi. Nyuzi za kila tabaka hukingamana na za tabaka linalofuata. Kwa hiyo ubao haupasuki kwa urahisi. Fundi huunda kwanza mkuku na mataruma, kisha huyafunika kwa plaiwudi. Gundi iwe ile isiyolainika majini. Kingo za plaiwudi hunywa maji upesi; zisipozibwa kwa gundi na rangi, matabaka huachana.

Hesabu ya shehena

Tuseme mashua ina umbo la sanduku: urefu mita 3, upana mita 1, kimo cha ubavu sentimita 40. Mashua ina kilo 80, wavuvi wawili kilo 120, nyavu na samaki kilo 100. Jumla ni kilo 300. Lita 1 ya maji baridi ina uzito wa kilo 1. Basi mashua husukuma kando lita 300, nayo hudidimia sentimita 10. Ubavu uliobaki juu ya maji ni sentimita 30.

Ubavu huo ndio uhai wa mvuvi. Akizidisha shehena, wimbi dogo tu litaingia ndani. Kwa hiyo mvuvi mwenye busara huacha nafasi kwa ajili ya mawimbi, huvaa jaketi la kujiokolea, na huchukua kopo la kuchotea maji.

Maswali

1. Kwa nini tufe lilizama na bakuli likaelea?
2. Mashua hiyo ikiongezewa kilo 300, ubavu utakaobaki juu ya maji ni sentimita ngapi?
3. Lita 1 ya maji ya bahari ni nzito kidogo kuliko ya maji baridi. Je, mashua itadidimia zaidi Mtera au baharini? Eleza sababu.