Mafunzo Manne Niliyopata kwa Elektroni Kaidi

Niliingia kwenye utafiti wa vipitishi vikuu, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote, nikidhani nadharia ni suala la kumaliza hesabu tu. Miaka ya uzamivu ilininyoosha.

1. Ufunguo wa zamani haufungui kila kufuli

Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza kwamba elektroni huungana jozi kwa msaada wa mitikisiko ya atomi. Zebaki na risasi, ambazo huhitaji baridi kali mno, zilieleweka. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, wakapata oksaidi ya shaba iliyokuwa kipitishi kikuu hadi kelvini 35 hivi. Mwaka uliofuata nyingine ikafika 93, na kwa kuwa naitrojeni huchemka kwenye 77, naitrojeni ya kimiminika ikatosha kuipoza. Muhula mzima niliibebesha nadharia ya 1957 mzigo wa kueleza oksaidi hizo. Haikuuweza.

2. Tafuta picha kabla ya hesabu

Oksaidi hizo zikiwa safi hazipitishi umeme, ingawa hesabu za kawaida zinadai zipitishe. Nilielewa sababu nikiwa likizo nyumbani, mjomba akicheza bao barazani. Chukulia kete ni elektroni na mashimo ni nafasi za atomi. Weka kete moja kila shimo, halafu toza faini kubwa kete mbili zikikaa pamoja: hakuna itakayothubutu kusogea. Ondoa chache, mwendo unaanza. Hiyo ndiyo modeli ya Hubbard kwa ufupi: hamu ya kuhama ikishindana na gharama ya kubanana. Mwaka 1987 Philip Anderson alipendekeza kwamba siri ya oksaidi za shaba imo humo.

3. Modeli fupi yaweza kuwa na hesabu ndefu

Elektroni ina spini, sifa yenye pande mbili, juu au chini, kwa hiyo kila shimo lina hali nne: tupu, lenye elektroni ya spini juu, ya spini chini, au zote mbili. Mashimo 4 yana hali 256. Mashimo 16 yana zaidi ya bilioni 4. Nilishangilia matokeo ya mashimo 4 hata nikaandaa mhadhara. Msimamizi wangu akauliza neno moja: "Ukiongeza?" Nilipofika 12, dalili za jozi nilizojivunia zilikuwa zimenyauka. Mhadhara niliufuta mwenyewe.

4. Ulichokiacha nje nacho kinaamua

Kwenye modeli yangu elektroni ziliruhusiwa kurukia shimo la jirani wa karibu tu. Mruko wa mshazari niliufuta ukurasa wa kwanza, ati kurahisisha. Mwaka 2020 watafiti waliolinganisha njia mbili za hesabu walionyesha kwamba modeli hiyo tupu, pale gharama ya kubanana inapokuwa kubwa, haileti upitishaji mkuu. Elektroni hupendelea kujipanga kwa milia. Mwaka 2024 hesabu zilizourudisha mruko wa mshazari zikaupata upitishaji mkuu. Niliposoma, nilikumbuka ule ukurasa wa kwanza.

Hadi leo hakuna nadharia moja ya oksaidi za shaba iliyokubaliwa na wote. Mwanafunzi unayeingia sasa, andika kwa kalamu orodha ya yote uliyoyaacha nje ya modeli yako, uibandike ukutani, na uisome kila mara matokeo yanapokupendeza.