FYUZI NA KAZI YAKE NYUMBANI

Taa zikizimika ghafula, watu wengi husema kwamba fyuzi imeharibika, na pengine humlaumu mwenye duka aliyeiuza. Aghalabu sivyo. Fyuzi iliyoungua imekwisha kufanya kazi yake, maana imekufa yenyewe ili waya zilizomo ukutani zisiungue.

Je, fyuzi ni kitu gani? Ni uzi mwembamba wa madini uliowekwa makusudi katika njia ya umeme, uwe ndio mahali padhaifu kuliko pote. Mkondo wa umeme hutia joto kila waya unamopita. Nao ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Hapo uzi huyeyuka na njia hukatika. Katika plagi za miguu mitatu ya mraba zitumikazo Kenya, ambazo kanuni yake iliwekwa Uingereza mwaka 1947, uzi huo umo ndani ya kibomba kidogo cha kauri kilichojazwa mchanga, na mchanga huo huzima cheche.

Waya mbili zilizochunika zikigusana, fyuzi hukatika mara moja. Lakini vyombo vikiwa vingi mno mambo huwa mengine. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Hizo zikigawanywa kwa 240, ambazo ndizo volti za umeme wa majumbani Kenya, jibu ni ampea. Pasi ya wati 1,200 hutumia ampea 5, na birika la wati 2,400 hutumia ampea 10. Vyote viwili vikiunganishwa na waya mmoja wa kurefushia, jumla ni 15, na fyuzi ya plagi ni ya 13. Haitakatika papo hapo, kwa kuwa fyuzi huvumilia ziada ndogo kwa muda. Bali plagi huanza kupata moto, na hilo ni onyo la kutosha.

Redio au taa ya mezani yafaa kutiwa fyuzi ya ampea 3. Waya wake ni mwembamba, na ukilindwa na fyuzi ya 13 waweza kuungua kabla ya fyuzi yenyewe.

Wako wanaotia msumari, au karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, mahali pa fyuzi. Taa huwaka, na jamaa hufurahi! Lakini tangu hapo waya za ukutani au za darini ndizo zilizogeuka kuwa fyuzi, na zikiyeyuka huwasha mbao zilizo karibu.

Tena fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu. Sehemu moja ya kumi ya ampea yatosha kumwua mtu, na fyuzi ya 13 haitasikia lolote. Kwa ajili hiyo nyumba nyingi za siku hizi hutiwa swichi ijikatayo yenyewe umeme uvujapo, hata ukiwa sehemu 3 tu katika 100 za ampea.

Fyuzi ya plagi ikiungua, plagi ichomolewe kwanza, kisha itiwe fyuzi ya kadiri ile ile. Ikiwa ni ile ya sandukuni, swichi kuu izimwe na vyombo vyote vichomolewe. Fyuzi ikisha kubadilishwa na swichi kuu kuwashwa, vyombo virudishwe kimoja kimoja. Kile kitakachoiunguza tena ndicho cha kupelekwa kwa fundi; na ikiungua kabla ya chombo cho chote kurudishwa, fundi na aitwe nyumbani, kwa kuwa kosa limo katika waya.