Kemia ya Kila Siku: Sabuni, Soda Kostiki na Mizani



Katika mikutano mingi mumeniuliza swali moja: namna gani sabuni ya koperative siku moja inatoka muzuri, siku ingine inachoma mikono ya wamama, na watu wenye kuipika ni walewale? Leo tujibu hilo swali pole pole. Ili tulijibu, tunapaswa kupitia kwanza kwenye somo lenye wengi wetu tuliliogopa ku masomo: kemia. Musiogope. Kila mutu mwenye amekwisha kupika kasiksi, kukamata maziwa afanye fromage, ao kuchoma majani apate majivu, amefanya kemia. Tofauti ni kwamba hakuandika.

1. Maada ni nini?

Vitabu vya Kiswahili vinasema «maada», walimu wetu wanasema «matieri». Ni kila kitu chenye uzito na chenye kujaza nafasi. Jiwe ni maada. Maziwa ni maada. Na hewa je? Kamata gilasi tupu, igeuze mudomo chini, izamishe wima ndani ya ndoo ya maji. Maji haijazi ile gilasi. Kuna nini ndani? Hewa. Basi hewa inajaza nafasi, na uzito pia iko nao, hata kama mukono hausikii.

Maada inaonekana katika hali tatu: kigumu, maji-maji na gesi. Mafuta ya mawese inatufundisha hilo vizuri kuliko kitabu. Ndani ya joto la Walikale bidoni inamiminika. Pakia bidoni ileile kwenye gari, ifike kwenye vilima vya Masisi vyenye kupita metre 2,000, na asubuhi utaikuta imeganda, mpaka uweke karibu na moto. Je, mafuta imekuwa kitu kingine? Hapana. Ni hali tu imebadilika.

Shika na jambo hili, tutalirudilia: litre na kilo si ndugu mapacha. Litre inapima nafasi, kilo inapima uzito. Litre moja ya maji ni karibu kilo moja, na ndiyo sababu watu wanafikiri ni hivyo kwa vitu vyote. Lakini litre moja ya mafuta ya mawese ni karibu gramu 910 tu. Ndiyo maana mafuta inaelea juu ya maji.

2. Kubadilika kwa namna mbili

Kuna kubadilika kwenye kunarudi nyuma kwa urahisi. Mafuta inaganda, unaipasha moto, inayeyuka. Chumvi inayeyuka ndani ya maji, unakausha maji, chumvi inabaki. Kitu ni kilekile.

Kuna tena kubadilika kwenye kunazaa kitu kipya. Kuni inawaka, inabaki majivu: hata ungefanya nini, majivu haitarudi kuwa kuni. Juisi ya ndizi inakuwa kasiksi: sukari imegeuka pombe na gesi, na ile gesi ndiyo inafanya povu. Hiyo tunaita kubadilika kwa kemia.

Sabuni ni ya hiyo namna ya pili. Mafuta peke yake inachafua nguo. Soda kostiki, ile sokoni wanaita tu «sude», peke yake inakula ngozi. Zikikutana ndani ya maji kwa kipimo cha sawasawa, zote mbili zinapotea, na mahali pao panazaliwa vitu viwili vipya: sabuni na gliserini. Mufaransa Michel-Eugène Chevreul ndiye alieleza vizuri jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1823. Lakini sabuni yenyewe ni ya zamani sana kuliko yeye. Watu walikuwa wanachuja maji kwenye majivu na kuichemsha pamoja na mafuta. Hata neno «alkali», lenye wanakemia wanatumia kwa vitu vya aina ya soda, limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni majivu ya mimea. Majivu ya maganda ya ndizi iko na nguvu hiyo, juu iko na potasi mingi.

Sasa sikieni vizuri: kwa kipimo cha sawasawa. Mufaransa mwingine, Lavoisier, alionyesha zaidi ya miaka 200 iliyopita kwamba katika kemia uzito haupotei: jumla ya vitu vyenye vimeingia ndiyo jumla ya vitu vyenye vinatoka. Kwa hiyo kila gramu ya mafuta inaomba soda yake, haiombi zaidi. Kilo 1 ya mafuta ya mawese inakula karibu gramu 141 za soda kostiki. Ukiweka 150, zile zenye zimezidi zinaenda wapi? Zinabaki ndani ya sabuni, zinangoja mikono ya mutu.

3. Usalama: mbele ya kufungua mukebe

Wakati nilikuwa mwanafunzi, mwalimu wetu wa laboratware alikuwa anakataa mutu aguse chupa yoyote mpaka asome mbele ya wengine kanuni zenye zilibandikwa ukutani. Tulikuwa tunacheka. Kisha nilifika kazini, nikaona mukono wa baba mumoja mwenye soda ilimurukia, na tangu siku hiyo sicheki tena. Hapa kwetu laboratware ni nyuma ya jiko ao chini ya hangari ya koperative, lakini soda ni ileile.

• Mwaga soda ndani ya maji, pole pole, ukikoroga. USIMWAGE KAMWE MAJI JUU YA SODA. Soda ikikutana na maji inatoa moto mukali, bila kuni. Maji kidogo juu ya soda mingi inachemka palepale na kuruka kwenye uso.

• Tumia maji ya baridi, na ndoo ya plastiki ngumu ao chombo cha inoksi. Sufuria ya aluminiumu ni marufuku. Soda inaikula, na inatoa gesi ya hidrojeni yenye inaweza kuwaka. Wengi wetu sufuria zote za nyumbani ni za aluminiumu, kwa hiyo nunueni ndoo ya kazi hiyo moja tu.

• Vaa gan za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vyenye kufunika vidole. Miwani ndiyo ya kwanza. Ngozi inaweza kupona, jicho linaweza kupotea.

• Fanya kazi inje ao mahali hewa inapita, upepo ukitokea mugongoni mwako. Usivute ule mvuke.

• Watoto na mbuzi mbali. Soda iliyoyeyushwa inafanana na maji kabisa. Usiiweke hata siku moja ndani ya chupa ya maji ya kunywa ao ya limonade. Andika jina juu ya chombo, na uchore alama ya hatari kwa wale wasiojua kusoma.

• Hakuna kuonja. Wazee fulani wanapima sabuni kwa ulimi. Kuna njia ingine, nitaionyesha.

• Weka ndoo kubwa ya maji safi karibu, mbele ya kuanza.

Ikitokea soda imemugusa mutu: vua nguo yenye imelowana, mwagia maji mingi yenye kutiririka kwa dakika 20 ao zaidi. Usipake siki, ndimu, mafuta wala dawa ya meno. Ikiingia jichoni, fungua jicho kwa nguvu na uendelee kumwaga maji, kisha mupeleke kwenye kituo cha afya. Mutoto akimeza, musimulazimishe atapike: ile yenye imeunguza wakati wa kushuka itaunguza tena wakati wa kupanda. Mumusukutue mudomo, na mukimbie naye hospitali palepale.

4. Mafuta ya yule mama

Nije sasa kwenye kisa. Katika koperative moja yenye niliisindikiza, mafuta ilikuwa inanunuliwa kwa wamama wa vijiji mbalimbali. Sabuni ya basani mbili ikatoka mubaya. Wanunuzi wakairudisha, wakionyesha mikono nyekundu. Kikao kikaitwa. Mutu mumoja akasimama, akasema:

— Ni mafuta ya ule mama wa kule ng'ambo. Banachanganyaka na maji. Tuliwaambia, batu ba kule hapana ba kuaminia.

Wenzake wakapiga makofi. Mama akakatwa malipo yake, na ndugu zake wakaacha kuleta mafuta. Munajua kwetu namna maneno ya hivyo yanaendaka: leo ni bidoni ya mafuta, kesho ni njia yenye watu hawapitie tena.

Niliomba kikao kinipatie siku saba. Sikusema mama ako sawa, sikusema ako mubaya. Nilisema tu: tujaribu.

Kwanza tulipasha moto mafuta yake kidogo ndani ya kijiko kikubwa. Mafuta yenye maji inapiga kelele, inaruka. Ile yake ilinyamaza. Hiyo ilikuwa ishara, lakini haikutosha.

Kisha tukapika sabuni kidogo katika vyombo vitatu. Soda ilikuwa gramu 70 katika kila kimoja, kutoka mukebe mumoja, na maji kipimo kimoja.

Chombo A: nusu litre ya mafuta ya mama, kwa kikombe, sawa vile koperative ilizoea.
Chombo B: nusu kilo ya mafuta ya mama, kwa mizani.
Chombo C: nusu litre ya mafuta ya muuzaji mwingine, mwenye kila mutu alikuwa anamusifu, kwa kikombe.

Kisha siku saba tukapima. Hapa ndipo ile njia ya bila ulimi: katakata shu ya rangi ya zambarau, imwagie maji ya moto, ngoja ipoe, chuja. Maji yake inabadilika rangi: ndimu inaifanya nyekundu, sabuni nzuri inaifanya kijani, soda yenye imezidi inaifanya manjano. Tuliyeyusha kipande kidogo cha kila sabuni ndani ya maji, tukatonesha yale maji ya shu. B: kijani. A: manjano. Na C, mafuta ya yule wa kusifiwa? Manjano pia.

Watu walinyamaza. Mama mumoja wa kamati ndiye alisema:

— Kumbe si mafuta. Ni kikombe.

Ndiyo. Karatasi yao iliandikwa «kilo 1 ya mafuta, gramu 140 za soda». Wao waliweka litre 1. Litre ni gramu 910, na gramu 910 zinaomba soda karibu gramu 128 tu. Gramu 12 zilikuwa zinabaki katika kila litre. Mama hakuiba kitu. Kikao kilimurudishia pesa zake mbele ya watu wote, na yule mwenye alimushitaki ndiye aliombwa kumupelekea. Alienda.

5. Njia ya uchunguzi

Ile kazi ya siku saba ndiyo wanasayansi wanaita uchunguzi. Ngazi zake ni tano:

Moja, uliza swali lenye linaweza kujibiwa. «Nani mubaya?» si swali la kemia. «Ni nini kimezidi ndani ya sabuni?» ni swali.
Mbili, toa wazo lenye linaweza kuonekana ni la uongo.
Tatu, jaribu, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa mara moja. Kati ya A na B tulibadilisha kipimo tu. Kati ya A na C, mafuta tu. Tungebadilisha vyote pamoja, hatungejua kitu.
Nne, andika: tarehe, uzito, nani alipima, nini kilionekana. Kichwa kinasahau, daftari hakisahau.
Tano, kubali jibu, hata kama halikufurahishi.

Njia hii inafaa pia kwa mbegu za maharage, kwa majivu ndani ya shamba, kwa mbolea ya ng'ombe. Pima vipande viwili vya shamba vyenye kufanana, badilisha kitu kimoja, andika.

Kipimo cha kubandika ukutani

Mafuta ya mawese kilo 1 (KWA MIZANI), soda kostiki gramu 134, maji gramu 330. Tumepunguza soda kidogo chini ya 141 kwa makusudi, ili ibaki mafuta kidogo, isibaki soda. Acha maji ya soda ipoe mbele ya kuimwaga ndani ya mafuta yenye imeyeyuka. Koroga mpaka iwe nzito kama uji. Mwaga ndani ya vibao, kata kisha siku moja ao mbili ukiwa na gan, na uache ikauke juma nne mbele ya kuuza. Mukebe wa soda ufungwe vizuri: ukiachwa wazi, soda inakunywa maji ya hewa, uzito unadanganya, na sabuni inatoka laini yenye mafuta.

Maswali ya kuzungumuzia katika kikundi

1. Katika koperative yetu, ni vitu gani tunapima kwa kikombe na vingefaa kupimwa kwa mizani?
2. Soda yetu inalala wapi? Mutoto wa miaka mitatu anaweza kuifikia?
3. Mara ya mwisho kitu kiliharibika, tulitafuta sababu ao tulitafuta mutu?

Mizani ndogo ya jikoni si bei rahisi kwa kikundi kidogo, najua. Lakini basani mbili za sabuni zenye zilirudishwa zingetosha kuinunua. Changeni, muinunue pamoja. Na siku ya kwanza ya kuitumia, pimeni litre moja ya mafuta mbele ya wanamemba wote, kila mutu ajionee kwa macho yake.