Kutafuta Hitilafu katika Geji za Dashibodi: Matumizi ya Kanuni ya Ohm

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii unapaswa kuweza:

(a) kueleza jinsi geji ya mafuta na geji ya joto zinavyofanya kazi katika gari la zamani;
(b) kutumia Kanuni ya Ohm kukadiria geji itasoma nini hitilafu inapotokea;
(c) kupanga hatua za kutafuta hitilafu na kutoa sababu ya kila hatua.

1. Utangulizi

Barabara ya kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ina urefu wa takriban kilomita 66. Inaanzia ufukoni mwa Ziwa Nyasa, takriban meta 475 juu ya usawa wa bahari, kisha inapanda milima ya Umatengo hadi zaidi ya meta 1,000. Gari lililobeba mzigo wa dagaa likipanda huko hutumia gia ndogo na kwenda polepole. Injini hufanya kazi kubwa, lakini hewa inayopita kwenye rejeta ni kidogo. Hapo ndipo joto la injini hupanda.

Dereva hawezi kuyaona maji yaliyo ndani ya injini. Anategemea mshale mmoja mdogo kwenye dashibodi. Mshale huo ukiwa umekufa upande wa baridi, dereva ataendelea kukanyaga mafuta mpaka gasketi iungue na silinda hedi ipinde. Kwa hiyo geji mbovu si kasoro ndogo ya urembo. Inaweza kuua injini iliyo nzima.

Katika mada hii tutatumia Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Sakiti ya geji zake ni rahisi, na fizikia ya kidato cha nne inatosha kuieleza yote.

2. Geji hupima nini?

Watahiniwa wengi huandika kwamba geji ya mafuta hupima mafuta. Jibu hilo halitoshi. Geji haiyaoni mafuta wala haiyagusi maji ya moto. Geji hupima mkondo wa umeme. Mkondo huo hubadilika kwa sababu ukinzani wa sensa hubadilika.

Sehemu za sakiti zimeungwa kwa mfuatano, hivi:

betri → swichi ya funguo → fyuzi → kidhibiti volteji → geji → waya → sensa → ethi

*Ethi* ni njia ya mkondo kurudi kwenye betri kupitia bodi na chasisi ya gari.

Geji. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, na waya mwembamba umezungushwa juu yake. Mkondo ukipita, waya hupata joto, ukanda hupinda na kusukuma mshale. Mkondo ukiwa mkubwa, mshale hupanda zaidi. Kwa kuwa ukanda huchukua muda kupata joto, mshale hupanda taratibu na hautikisiki gari linaporuka mashimo.

Kidhibiti volteji. Volteji ya betri haitulii. Injini ikiwa imezimwa ni takriban 12 V, na injini ikinguruma hufika karibu 14 V. Kidhibiti hufunga na kufungua sakiti mara kwa mara ili geji zipate wastani wa 10 V wakati wote. Kidhibiti kimoja huhudumia geji ya mafuta na geji ya joto.

Sensa ya mafuta. Ni boya lililounganishwa na rizista inayobadilika. Mafuta yakijaa, ukinzani ni mdogo. Yakipungua, ukinzani huongezeka.

Sensa ya joto. Ni thamista, yaani kifaa ambacho ukinzani wake hupungua joto linapoongezeka. Injini ikiwa baridi, ukinzani ni mkubwa. Ikiwa ya moto, ukinzani ni mdogo.

Kumbuka:
- Waya wa sensa ukikatika, mkondo ni sifuri. Mshale hulala: mafuta yataonekana yamekwisha, na injini itaonekana baridi.
- Waya wa sensa ukichubuka na kugusa bodi, mkondo huwa mkubwa. Mshale hupanda hadi juu: tanki litaonekana limejaa, na injini itaonekana ya moto sana.

Kanuni hii ni ya gari tunalolijadili. Baadhi ya magari yamepangwa kinyume, hivyo soma maelezo ya swali kabla ya kujibu.

3. Mfano wa hesabu

Chukulia kwamba volteji kutoka kwenye kidhibiti ni 10 V na ukinzani wa geji ni 60 Ω. Ukinzani wa sensa ya mafuta ni 20 Ω tanki likijaa, 100 Ω likiwa nusu, na 240 Ω likiwa tupu.

Kwa Kanuni ya Ohm, I = V ÷ (ukinzani wa geji + ukinzani wa sensa).

Tanki limejaa: I = 10 ÷ (60 + 20) = 0.125 A
Tanki nusu: I = 10 ÷ (60 + 100) = 0.0625 A
Tanki tupu: I = 10 ÷ (60 + 240) = 0.033 A

*Hitilafu ya kwanza: ethi mbaya.* Bodi ya Land Rover ni ya alumini na chasisi yake ni ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, kutu hutokea haraka. Maji ya Ziwa Nyasa si ya chumvi, lakini matope ya masika na unyevu wa ufukoni vinatosha kuianzisha. Chukulia kutu kwenye ethi ya sensa imeongeza ukinzani wa 80 Ω. Tanki likiwa limejaa:

I = 10 ÷ (60 + 20 + 80) = 0.0625 A

Huu ni mkondo uleule wa tanki nusu. Dereva amejaza tanki Mbinga, lakini geji inamwambia ana nusu. Sensa ni nzima, geji ni nzima, na waya haujakatika. Kinachohitajika ni msasa wa kusugua kutu na kukaza boliti. Asiyejua hesabu hii atanunua sensa mpya bure.

*Hitilafu ya pili: kidhibiti kimeganda.* Kidhibiti kikikwama kikiwa kimefunga sakiti, geji hupata 14 V injini inaponguruma. Tanki likiwa nusu:

I = 14 ÷ (60 + 100) = 0.0875 A

Mkondo huu ni mkubwa kuliko wa tanki nusu, kwa hiyo mshale utasimama kati ya nusu na kujaa. Dereva ataamini ana mafuta ya kumfikisha, kumbe hana. Wakati huohuo geji ya joto nayo itasoma juu kuliko hali halisi.

4. Swali la kwanza: ni geji ngapi zimeharibika?

Kabla hujashika bisibisi, jiulize swali hili. Linakuokolea nusu ya kazi.

Geji zote mbili zimeharibika kwa pamoja. Si rahisi sensa mbili zife siku moja. Tafuta kitu ambacho geji zote mbili zinakitegemea. Zikiwa zimelala zote, angalia fyuzi, waya wa kuleta umeme na kidhibiti. Zikiwa zinasoma juu zote, mshukiwa wa kwanza ni kidhibiti kilichoganda au ambacho ethi yake imelegea.

Geji moja tu imeharibika. Fyuzi na kidhibiti ni vizima, kwa sababu geji ya pili inafanya kazi. Waliobaki ni watatu: geji yenyewe, waya wake, na sensa yake pamoja na ethi yake.

5. Hatua za kutafuta hitilafu ya geji moja

*Hatua ya 1.* Tazama kwa macho. Je, waya umechomoka kwenye sensa? Umechubuka? Kuna kutu? Anza na kisichogharimu kitu.

*Hatua ya 2.* Zima swichi ya funguo, chomoa waya kwenye sensa, kisha pima ukinzani kati ya terminali ya sensa na chasisi kwa kutumia multimita. Ukinzani usio na kikomo una maana sensa imekatika au haina ethi. Ukinzani ukilingana na hali halisi ya mafuta au joto, sensa ni nzima.

*Hatua ya 3.* Unganisha rizista ya 20 Ω kati ya waya uliouchomoa na bodi, kisha washa swichi. Mshale ukipanda taratibu hadi juu, geji na waya ni vizima. Mkondo wa 0.125 A utatoa nguvu P = I²R = 0.125 × 0.125 × 20 = 0.31 W, kwa hiyo rizista ya nusu wati inatosha.

*Hatua ya 4.* Mshale usipopanda, rudia jaribio hilo nyuma ya dashibodi, kwenye terminali ya geji ya upande wa sensa. Ukipanda sasa, waya umekatika katikati. Usipopanda, geji ndiyo mbovu.

Tahadhari: Usifanye jaribio la hatua ya 3 karibu na tanki la petroli. Cheche moja inatosha kuwasha mvuke wa petroli. Kwa geji ya mafuta, fanya jaribio kwenye kiungo cha waya kilicho mbali na tanki.

6. Mambo yanayofanana na hitilafu

*Mteremko.* Gari likiinama, mafuta huhamia upande mmoja wa tanki na boya hupanda au kushuka. Geji haijaharibika. Soma geji ya mafuta gari likiwa mahali tambarare.

*Taa ya onyo ya oili.* Hii haina mshale. Swichi yake hufunga sakiti shinikizo la oili likikosekana. Ukiwasha funguo kabla ya kupiga stata, taa lazima iwake. Isipowaka, usifurahi: huenda balbu imeungua, na siku oili itakapokwisha hutapata onyo lolote. Ikiwaka safarini, zima injini mara moja.

*Spidomita.* Katika gari hili huendeshwa na kebo inayozunguka, wala si kwa sakiti ya sensa. Kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha metali na kukivuta pamoja na mshale. Spidomita ikifa peke yake, usipime fyuzi. Angalia kebo.

7. Swali la mazoezi

Land Rover Series III inapanda kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga. Dereva anaona mvuke ukitoka mbele ya gari, lakini geji ya joto inaonyesha baridi. Geji ya mafuta inafanya kazi vizuri.

(a) Kwa nini mshale wa joto unaweza kubaki upande wa baridi ilhali injini ni ya moto? (alama 2)
(b) Taja sehemu mbili ambazo hazina hitilafu na utoe sababu. (alama 3)
(c) Fundi aliunganisha rizista ya 20 Ω kati ya waya wa sensa na bodi, mshale haukusogea. Aliiunganisha kwenye terminali ya geji, mshale ukapanda. Hitilafu iko wapi? (alama 2)
(d) Kwa nini ni hatari kufungua mfuniko wa rejeta wakati huo? (alama 3)

Mwongozo wa majibu

(a) Sakiti imekatika mahali fulani, hivyo hakuna mkondo. Ukanda wa metali mbili haupati joto, na mshale unalala upande wa baridi.

(b) Fyuzi na kidhibiti volteji. Geji ya mafuta hupata umeme kupitia sehemu hizohizo na inafanya kazi.

(c) Kwenye waya kati ya geji na sensa. Jaribio la pili limethibitisha kwamba geji ni nzima. La kwanza limeshindwa kwa sababu mkondo haukuweza kupita kwenye waya. Usiandike "sensa": majaribio haya hayakuigusa.

(d) Mfuniko huzuia shinikizo, na shinikizo kubwa huinua kiwango cha mchemko, hivyo maji yanaweza kuzidi 100 °C bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa, shinikizo hushuka ghafla na maji huchemka papo hapo na kuruka usoni. Mlimani hatari huongezeka, kwa kuwa kiwango cha mchemko cha maji yaliyo wazi hushuka kwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kila unapopanda takriban meta 300. Dereva azime injini, asubiri ipoe, ndipo aongeze maji.

Dokezo la mtihani: Swali likikuambia sehemu fulani inafanya kazi, hiyo ni taarifa yenye alama. Itumie kuondoa washukiwa kwanza, kisha taja hitilafu. Ukitaja hitilafu bila kuonyesha ulivyoondoa nyingine, umebahatisha tu, hata kama jibu ni sahihi.